Bomba la Mti la Ukumbi wa Regali

Katika safu ya mabomba ya mti ya kinanda palikuwa na pengo moja, na pengo lenyewe lilimtosha mtu mzima. Inspekta Katunge aliingia, akasimama pale pale bomba lilipokuwa, akainua macho kupima urefu.

"Futi nane," alisema Mwalimu Aloys kutoka mlangoni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Ndilo kubwa kuliko yote. Ndilo la sauti ya chini kabisa."

"Yako mangapi?"

"Mpaka jana yalikuwa mia nne na kumi."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Julai mwaka 1999, na baridi ya Machakos ilikuwa imewafanya hata mbwa wa sokoni wajikunyate. Katunge alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wa cherehani, hata wa mlango wa kanisa ukiwa na bawaba zake. Wizi wa kinanda hakuwahi kuuona. Wala hakuwa mpenzi wa muziki. Redio ya nyumbani kwake iliwashwa saa ya taarifa ya habari na kuzimwa mara tu nyimbo zilipoanza.

"Mwalimu, nieleze kama unamweleza mtoto. Hiki kitu ni nini?"

Aloys alikuwa amefundisha muziki miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na swali la namna hiyo lilimpa uhai kidogo. Alieleza kwamba hiki hakikuwa kinanda cha kanisa. Kilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya jumba la sinema, enzi ambazo picha zilikuwa bubu na mpiga kinanda ndiye aliyezipa sauti. Ndani yake mlikuwa na ngoma, kengele, hata filimbi iliyolia kama ndege. Mzungu mmoja mwenye ranchi kule Lukenya alikinunua, akakileta kwa meli na treni, akakifunga hapa Regali. Wakati huo Mwafrika hakuingia ukumbini isipokuwa na ufagio mkononi. Uhuru ulipokuja, mzungu akaenda zake, na kinanda kikabaki na panya.

"Miaka mitatu iliyopita tukaunda kamati ya kukiokoa," Aloys aliendelea. "Tukawaambia watu, kila familia ilee bomba moja. Toa ulicho nacho, jina lako tunalifunga kwenye bomba. Wakatucheka. Halafu wakaanza kuleta."

Walileta kweli. Kila bomba lilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa mkonge: familia fulani, maharagwe debe moja; mama fulani, kuku wawili. Wasichana wa viwanda vya nguo vya EPZ Athi River walikuwa wameleta mabaki ya ngozi na kitambaa kizito, na ndivyo vilivyoziba viriba vya kinanda, ile mifuko ya kusukuma upepo, vilivyotobolewa na panya.

"Na sasa?"

"Sasa Jumamosi anakuja mgeni. Shirika la ng'ambo linalohifadhi vinanda vya aina hii. Atasikiliza mara moja tu. Akikuta kinanda kinaongea sauti zote, watatuletea fundi na vipuri. Akikuta kiwete, anarudi kwao. Na mwenye ukumbi ametuambia wazi kwamba Jumatatu anaweka mbolea humu ndani."

Alishika kikaratasi kimoja. "Inspekta, watu wametoa kuku. Nitawaambia nini?"

Katunge alichutama. Mwenzake, Sajini Levi, alikuwa tayari anapaka poda kwenye sanduku la upepo, lile sanduku refu ambalo mabomba husimama juu yake.

"Alama za vidole ziko nyingi kama za sokoni, madam," Levi alisema. "Kamati yote imeshika hapa."

"Mlango?"

"Mzima. Umefunguliwa kwa ufunguo."

"Funguo ziko tatu," Aloys aliingilia. "Mmoja wangu, mmoja wa Festus, fundi wetu. Wa tatu unaning'inia ofisini kwa matumizi ya kamati."

Sakafuni palikuwa na vumbi jepesi la rangi ya hudhurungi, la mti uliosuguliwa. Juu yake zilionekana nyayo za akala, zile ndara za matairi. Jozi mbili. Moja kubwa, ikikanyaga kwa uzito. Nyingine ndogo, imesimama mahali pamoja kwa muda mrefu.

Kisha Katunge akaona kitu kilichomfanya akunje uso. Ukingoni mwa sanduku, kimewekwa sawasawa kama kijiko mezani, kilikuwa kibati cha shaba kilichong'aa, na skrubu zake nne zimepangwa kando yake. Alikisoma. Kilisema: *Bomba hili limehifadhiwa kwa hisani ya Diwani Mutua.*

"Hiki kilikuwa kwenye bomba lililopotea?"

"Ndiyo. Kiliwekwa Jumatatu."

"Levi, shaba kilo bei gani huko Athi River?"

"Nzuri, madam. Na haya mabomba ya bati na risasi, bei nzuri zaidi."

"Basi mwizi wetu ameacha risasi, ameacha bati, ameacha shaba, akabeba gogo. Na kabla ya kubeba akafungua skrubu, akazipanga. Huyu mwizi ana adabu kuliko sisi wawili."

Chumba cha pili kilikuwa stoo ya michango. Magunia, madebe, kuku watatu kwenye tenga wakilalamika. Kwenye rafu kulikuwa na vithembe vitano, vile vipipa vya mti vyenye mifuniko ya ngozi ambavyo Wakamba huhifadhia asali. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, sweta ya bluu, alikuwa akihesabu magunia bila haraka.

"Huyu ni Mama Wayua," Aloys alisema. "Bila yeye hakuna kamati. Ametembea kutoka Ndithini mpaka Lukenya akiomba watu. Na yeye mwenyewe analeta kithembe cha asali ya kaka yake wa Ndithini kila mwezi, hajakosa hata mmoja."

"Mama, habari ya asubuhi?"

"Nzuri, mwana."

"Jana ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa."

"Umeona nini leo?"

"Nimeona bomba haliko."

"Unashuku nani ameiba?"

Mama Wayua alifunga gunia fundo la kwanza, akafunga la pili. "Mimi sijasema limeibwa," alijibu.

Katunge alimtazama. Lakini hapo mlango ulipigwa teke, na Diwani Mutua akaingia na tumbo lake mbele.

"Mmemshika?" alifoka. "Ni Festus! Fundi ndiye ana ufunguo. Fundi ndiye ana vyombo. Mimi nimetoa simenti magunia ishirini kwa hii kitu, jina langu liko kwa ile bomba, halafu linaibwa siku mbili tu? Hii ni siasa!"

Kwa diwani huyo hata mvua isiponyesha ilikuwa siasa. Lakini kelele zake zilifika kwa mkuu wa kituo kabla Katunge hajarudi, na saa sita mchana Festus alikuwa rumande akiwa amevuliwa mkanda na viatu.

Festus alikuwa seremala wa miaka arobaini, mkimya, vidole vimejaa gundi. Alikaa mbele ya Katunge akiangalia meza.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Huo mmeninyang'anya hapo nje."

"Jana usiku?"

"Nilikuwa nao nyumbani. Uliza bibi yangu."

"Uliuza bomba?"

"Madam, niuzie nani? Gogo la mtu kupuliza?" Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Na mimi nimelihangaikia hilo bomba miezi mitatu. Lilikuwa linavuja. Ukilipigia upepo linakohoa kama mzee wa sigara. Nimetia gundi ya kila aina, wapi. Hayo mengine ya mti ni ya mbao, yana pembe nne. Hilo peke yake ni gogo, limetobolewa katikati. Nani alitengeneza bomba hivyo, sijui."

Katunge aliacha kuandika. "Limetobolewa? Kama nini?"

"Kama... gogo tu. La mviringo."

"Vumbi la msasa lililo sakafuni ni lako?"

"Ni langu. Jumatatu Mwalimu, mwenyekiti wetu, aliniambia nilisugue, niweke kibati cha diwani. Lilikuwa na mikwaruzo mibaya hapo chini. Panya, au watoto. Nikaisugua ikaisha kabisa."

"Mikwaruzo ya namna gani?"

"Sikuiangalia, madam. Mwalimu ako na picha. Alipiga za kila bomba kabla nianze kazi, za kutuma ng'ambo."

Albamu ililetwa saa tisa. Katunge aliipekua ukurasa kwa ukurasa mpaka akafika kwenye bomba la mviringo. Karibu na mguu wake ilionekana mikwaruzo: mistari mitatu iliyosimama, na duara lililokatwa katikati.

Katunge alipitisha kidole juu ya mistari hiyo.

Kwa mawazo alikuwa amerudi Yatta, kwa babu yake, akiwa na miaka saba na kisu cha jikoni mkononi. Babu alikuwa na mizinga kumi na minne mtini, na kila mmoja ulikuwa na alama ya mwenyewe. Katika mchezo wa kitoto Katunge aliikwangua alama moja. Babu hakuwahi kumchapa kabla ya siku hiyo, na hakumchapa tena baadaye. Lakini siku hiyo alimchapa, kisha akakaa chini, akamwambia kwamba mwenye kufuta alama ya mzinga ni mmoja tu duniani, naye ni mwizi wa asali.

"Levi," alisema. "Hii si mikwaruzo ya panya. Hii ni alama ya mzinga. Bomba hili lilichongwa na mchonga mizinga."

"Mkamba? Kwa kinanda cha mzungu?"

"Mkamba. Na nimeiona alama hii leo, lakini sijui wapi."

Levi alikuna kichwa. "Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali."

Alisema kwa mzaha tu, lakini Katunge alikuwa tayari amesimama. Walirudi Regali karibu mbio. Kwenye rafu ya stoo, Katunge aligeuza kithembe cha kwanza. Ubavuni, karibu na kitako, mistari mitatu na duara lililokatwa. Cha pili, vivyo hivyo. Vyote vitano.

Hakumkamata mtu jioni hiyo. Festus alimwachilia, na mkuu wa kituo alipomuuliza kwa idhini ya nani, alimjibu kwamba ni kwa idhini ya vithembe vitano. Mkuu hakuelewa, ila alimjua Katunge akishafunga mdomo hivyo. Kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu.

Alhamisi asubuhi Landrova ya polisi ilisimama mbele ya nyumba ya Mama Wayua, nyuma ya soko. Katunge aligonga.

"Mama, nataka unisindikize Ndithini."

Mama Wayua hakuuliza kwa nini. Alivaa akala zake ndogo, akachukua sweta ya bluu, akafunga mlango.

Njiani Katunge hakumharakisha. Kesi ilikuwa imemshika moyoni kwa namna asiyoipenda, kwa sababu alikuwa anampenda mtuhumiwa wake.

Boma la Ndithini lilikuwa la mtu mmoja, Mzee Mumo, kaka wa Mama Wayua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akinoa patasi, mguu wake mkubwa umeijaza akala hadi ukingoni. Alipoiona Landrova hakukimbia. Aliendelea kunoa.

Mzee aliye na mizinga haifichi, huitundika. Kwenye migunga iliyozunguka boma ilining'inia mizinga ya magogo, mmoja hapa, miwili pale, na nyuki wakiingia na kutoka. Katunge alitembea chini yake taratibu akihesabu. Kwenye mgunga wa tano alisimama. Mzinga uliokuwa hapo ulikuwa mrefu mara mbili ya mingine. Hakuna nyuki hata mmoja aliyeusogelea. Na ubavuni ulikuwa na mdomo uliokatwa sawasawa, ambao nyuki hawana kazi nao.

"Mzee Mumo," aliita bila kugeuka. "Huu mzinga wako unaimba?"

Patasi ilinyamaza.

"Wa baba," Mumo alijibu.

"Ulibebaje mpaka hapa?"

"Pikapu ya mahindi. Jumatano alfajiri."

"Nani alikufungulia mlango?"

"Mimi," alisema Mama Wayua. Alikuwa amesimama nyuma ya Katunge, mikono imefumbatwa. "Nilichukua ufunguo ule wa ofisini Jumanne jioni, nikaurudisha asubuhi. Usimuulize huyu, aliitwa tu kubeba. Andika mimi."

Levi alitoa daftari. Katunge alimwashiria angoje.

"Mama, wewe ndiye uliyeomba kuku wa watu kwa ajili ya kinanda hiki. Bila bomba hili Jumamosi kila kitu kimekwisha. Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Mama Wayua alitazama juu mtini. Aliposema, alisema bila kupumzika, kama mtu aliyeshika maji mdomoni kwa miaka.

"Baba yetu alikuwa Kilonzo. Alichonga mizinga ya nchi hii yote. Mwaka wa hamsini na moja mchwa walikula bomba kubwa la yule mzungu. Huko kwao wakamwambia angoje mwaka mzima. Baba alikuwa akipeleka asali ranchini. Akasema, hiyo kitu ni mwatu tu, mzinga mrefu, nionyeshe kipimo. Akachonga kwa siku tisa. Walipolijaribu, yule mzungu alicheka kwa furaha. Akampa baba mkono. Halafu watu wakajaa ukumbini, na baba akaambiwa atoke nje, kwa sababu ilikuwa siku ya muziki, si siku ya kufagia."

"Hakulisikia?"

"Alilisikia kwa mgongo. Alisimama nje, akaegemea ukuta wa nyuma, na lilipolia ukuta ukatetemeka. Alirudi nyumbani akatuambia: sauti yangu iko mjini, na chini yake kuna alama yangu, hakuna mtu atasema si yangu. Mpaka anakufa alisema hivyo. Mimi sikuomba kuku kwa ajili ya mzungu, mwana. Wala sinema. Nilitaka sauti ya baba isinyamaze."

"Na ulipoingia kwenye kamati, hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Alama si iko pale? Mkamba gani haoni alama?" Hapo sauti yake ilivunjika. "Jumanne nikaingia na asali. Nikakuta wamesugua. Wamefuta kabisa, na juu yake wameweka jina la mtu wa simenti. Miaka mitatu nimekula nao, nimecheka nao. Kumbe nilikuwa na wezi wa asali."

"Ungewauliza, mama."

"Mtu akifuta alama ya mzinga wako, haulizwi. Unachukua mzinga wako unaondoka."

Katunge alijua ni kweli, na kweli hiyo ilimchoma. Alijua pia kwamba Aloys alikulia misheni, Festus alikulia mtaani Athi River, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda mgunga. Alitoa picha ya albamu mfukoni.

"Mama, walidhani ni panya," alisema. "Waliona mikwaruzo. Nakuapia, hakuna mmoja aliyejua."

Mama Wayua aliishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama alama ya baba yake, kisha akakaa chini palepale kwenye mchanga, akalia.

"Panya," alisema. "Uuwi. Panya!"

Mzee Mumo alitema mate pembeni, akainuka na kamba. "Nimeshalichonga alama tena," alisema kama anayejisemea. "Na nimelipaka nta ndani. Lilikuwa na ufa. Yule fundi alitia gundi. Mwatu hauzibwi kwa gundi."

Ijumaa, ofisini kwa Katunge, Mwalimu Aloys alisomewa maelezo yote ya Mama Wayua mwanzo hadi mwisho. Aliposikia kuhusu msasa alivua miwani. Diwani Mutua, aliyejialika mwenyewe, alidai watu wafikishwe mahakamani.

"Mlalamikaji ni mwalimu," Katunge alimkata. "Mwalimu, unasemaje? Nifungue faili la wizi? Nikilifungua, bomba ni kielelezo. Litakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe, na Jumamosi mtapiga kinanda bila hilo."

Aloys alivaa miwani yake tena, akaandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya karatasi ya malalamiko: *Hakuna kilichoibwa. Mwenye bomba alilichukua kulitengeneza.* Akatia sahihi.

"Na jina langu?" Diwani aliuliza.

"Tutaliweka kwenye feni," Aloys alisema. "Ndiyo inayoleta upepo wote."

Levi alitoka nje haraka akakohoe.

Jumamosi saa nne asubuhi Regali ilijaa mpaka madirishani. Waliolea mabomba walikaa wakiyatafuta kwa macho yao, kila mmoja lake. Mgeni alikaa mbele na daftari. Festus alikaa karibu na sanduku la upepo, na kando yake Mzee Mumo, wakinong'onezana juu ya nta. Mwalimu Aloys alipanda kitini, akavuta pumzi.

Kiti cha mbele kilichowekewa Mama Wayua kilikuwa kitupu.

Katunge alitoka kumtafuta. Alizunguka ukumbi, akapita vibanda vya viazi, akafika ukuta wa nyuma. Mama Wayua alikuwa pale, amesimama wima, mgongo wake umeegemea jiwe.

"Mama, wamekuwekea kiti. Leo unaruhusiwa kuingia."

"Najua, mwana. Nitaingia wimbo wa pili."

Katunge, ambaye hakupenda muziki, alisimama kando yake, akaegemea ukuta. Kwanza vilisikika vyombo vidogo, kengele na yule ndege wa bati. Kisha Aloys akakanyaga sauti ya chini kabisa.

Bomba halikukohoa. Liliunguruma. Ukuta ukatetemeka mgongoni mwa Katunge, mabegani, mpaka kwenye meno.

"Ndiye," alisema Mama Wayua, na machozi yakamtoka. "Sasa twende ndani."